Kona Isiyopigwa

Kinyoya cha badminton kilimpata shavuni, chini kidogo ya jicho, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele karibu na wavu, mahali pake kabisa, na Lifti alikuwa nyuma akikisubiri kinyoya kishuke. Kazi ya aliye mbele ni kuwatazama wapinzani. Yeye aligeuza shingo akamtazama Lifti. Aliporudisha uso, kinyoya kilikuwa kimeshapigwa, kimeshajibiwa na kimeshafika.

"Pole, Eksirei!" wakasema wa ng'ambo ya wavu kwa pamoja, mikono vichwani.

Jina hilo alipewa hapo klabuni kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mpiga picha za mifupa hospitalini, na wenzake walimtania kwamba ukimletea uongo anauona mpaka kwenye mbavu. Lifti naye aliitwa kwa kazi: ndiye anayepigiwa simu pale lifti ya jengo refu inapogoma katikati ya ghorofa na waliomo ndani wanaanza kusali. Alikuwa mwanamume mrefu, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kufuta mikono kwa kitambaa hata ikiwa safi. Na kwa kuwa hakuna haja ya kuzungukazunguka, tuseme tu: Eksirei alimpenda. Alimpenda mpaka akajishangaa, maana alidhani umri wa kukosa usingizi kwa ajili ya mtu ulishampita.

Lifti alikuja na chupa ya maji baridi.

"Nione."

"Si kitu."

"Wewe kazi yako kuona mifupa. Ngozi niachie mimi. Tulia."

Akaibandika chupa shavuni taratibu. Walikuwa karibu kiasi kwamba Eksirei aliliona doa la grisi chini ya sikio lake, lile ambalo sabuni hulipita kila siku bila kuliona. Alitamani kulifuta kwa kidole gumba. Akakifungia kidole ndani ya ngumi, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unawatazama.

"Umegeuka tena," Lifti alisema.

"Najua."

"Raketi ilikuwa wapi?"

"Chini."

"Ingekuwa juu, mbele ya uso, kinyoya kingegonga nyuzi. Aliye mbele ana mambo mawili tu: raketi juu, macho mbele. Ya nyuma ni yangu. Tumeliongea hili mara ngapi?"

"Umeliongea wewe. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliwaomba radhi wale waliokuwa wakicheza nao, akachukua raketi zote mbili na kutangulia kwenye korido, kwenye lile benchi la kuvulia viatu. Eksirei alimfuata akiwa ameishika chupa shavuni mwenyewe.

"Ulicheza na kaka yako muda gani?" Lifti aliuliza walipokaa.

"Tangu namaliza shule. Unajua hilo."

"Na kwake ulikuwa unageuka?"

Eksirei aliigeuza chupa shavuni.

"Niliwatazama sana ninyi wawili kabla sijakuomba ucheze na mimi. Ulikuwa unageuka. Lakini kwake ukigeuka ulikuwa unakimbia nyuma kukipiga wewe. Kwangu unageuka, unanitazama, halafu unabaki umesimama. Kama mtu anayengoja nianguke."

"Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angeweza kumjibu kwa sentensi moja na mambo yakaisha, ila sentensi yenyewe ilikuwa mali ya mtu mwingine. Kaka yake alikuwa nahodha wa klabu hiyo, na wote walimwita Kapteni. Goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Picha ya goti hilo aliipiga Eksirei mwenyewe, na daktari alipoisoma alimwambia Kapteni aachane na kuruka. Kapteni hakuacha. Alichofanya ni kumwapisha dada yake asimwambie mtu, hata mama yao.

Sasa, kwa anayeshika raketi kwa mkono wa kulia, kona ya nyuma kushoto ndiyo kona inayodai kazi zaidi. Kinyoya kikienda kule inabidi urudi mbio, uruke, uzungushe mkono juu ya kichwa, kisha utue kwa mguu wa kushoto. Kapteni hakuweza tena kutua. Kwa hiyo kila kinyoya kilichoelekea kule, dada mtu aligeuka haraka kuona kama kaka yake amekifikia, na akiona hakukifikia alikimbia kukipiga yeye, huku akijifanya ana uroho wa vinyoya. Klabu nzima ilimcheka kwa uroho huo. Naye akacheka nao, miaka ikapita. Kumbe shingo ilikuwa imejifunza, na sasa iligeuka hata kwa mwanamume mwenye magoti yake mawili mazima.

"Siwezi kukueleza," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Lifti alitoa kitambaa akafuta mikono.

"Mimi nikiwa juu ya lifti, mwenzangu yuko chini shimoni. Simwoni, hanioni. Tunaitana tu. Nikisema 'imefungwa', anaingia chini yake. Siku atakayopanda kwanza kuja kuhakikisha, hatutafanya kazi pamoja tena, hata awe fundi mzuri namna gani."

"Mimi si lifti."

"Ndiyo maana nakuuliza, sikufungui kwa bisibisi."

Ulikuwa utani, lakini ulianguka sakafuni na hakuna aliyeuokota. Eksirei aliteremsha chupa.

"Mjomba amenipigia," Lifti akaendelea, bila kumtazama. "Anauliza kama waje kwenu Jumapili kama tulivyopanga. Nimemwambia asubiri."

"Asubiri nini?"

"Asubiri mimi nijue kama kuna mtu anayeniamini huko ninakotaka kuwapeleka."

Yalimwingia. Kuna watu huanza uchumba kwa kualikana chai; huyu alianza kwa kumwomba acheze naye upande mmoja wa wavu, na Eksirei aliona huo ndio mwaliko mzuri kuliko yote aliyowahi kupata. Leo mtu huyohuyo alikuwa akiufuta mwaliko wake. Angesema 'nakupenda, nivumilie'. Badala yake hasira ikawahi.

"Basi asubiri," akasema.

"Sawa."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi tunacheza. Niliahidi."

Akasimama, akamwekea raketi yake ndani ya mfuko, akafunga zipu vizuri kama afanyavyo kila siku, akaenda zake. Kufungiwa zipu ndiko kulikomliza.

*

Nyumbani alimkuta Kapteni sebuleni, mguu umepumzishwa juu ya stuli, kitambaa chenye barafu gotini, ambacho mama aliambiwa ni cha msuli uliovutika tu. Kwa kazi alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha pili na pedali yake ya breki ya pembeni, tayari kuikanyaga mwanafunzi akikosea. Tangu baba yao afariki, pedali hiyo alikuwa nayo hata nyumbani. Mkubwa wa kusema ndiyo au hapana kwa wageni wa Jumapili alikuwa yeye, na mpaka siku hiyo hakuwa amesema lolote.

Mama alitokea jikoni akifuta mikono kwenye aproni.

"Shavu limefanya nini hilo?"

"Kinyoya, Mama."

"Kinyoya gani kinavimbisha uso? Na huyo fundi wako alikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Yaani wewe unapigwa, mwanamume yuko nyuma yako!"

"Mama, ndivyo mchezo ulivyo."

"Mimi mchezo siujui, ndoa naijua. Huyo ni mtu wa kuitwa. Simu ikilia kavaa ovaroli kaondoka. Watu watakwama kwenye lifti, na wewe utakwama mezani na sahani mbili."

"Mimi nami huitwa hospitalini, Mama."

"Ndiyo hapo sasa! Nani atafungua mlango nikija?"

"Mama, kuna kitu kinaungua jikoni," Kapteni alisema, na ingawa hakukuwa na kitu kinachoungua, mama alikwenda kuhakikisha.

Eksirei alikaa kwenye mkono wa kochi, akakigeuza kile kitambaa ili upande wenye barafu ukae panapouma. Alikuwa anajua panapouma kuliko mwenye goti.

"Umefanya mazoezi leo tena," akasema.

"Kidogo."

"Kaka."

"Nimesema kidogo. Wageni wako wanakuja Jumapili au hawaji?"

"Wanasubiri. Na wewe hujatoa neno."

"Sijatoa."

"Kwa nini? Ana kosa gani?"

Kapteni aliusogeza mguu kwenye stuli.

"Hana kosa. Amenichukulia mchezaji wangu, sasa anataka kunichukulia na dada yangu."

"Ni mtu mmoja huyohuyo."

"Ndiyo maana inauma mara mbili."

Aliisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mafuta. Kucheza na Kapteni kulikuwa maisha yake. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika raketi, vidole vimelegea, kama anayempa mtu mkono. Alimfundisha kuanzisha kinyoya kifupi kikipita juu ya wavu kwa upana wa kidole. Alipokuwa hana kitu kingine cha kumrithisha baada ya msiba, alimrithisha huo mchezo.

"Jumamosi unacheza kweli?" aliuliza. "Na nani?"

"Na Mwalimu wa Chekechea. Jozi moja ndiyo itakayokwenda kuiwakilisha klabu. Nahodha asiposhindania nafasi watauliza kwa nini, na wakiuliza watajua, na wakijua ukapteni umekwisha."

"Mwalimu anajua habari ya goti?"

"Hajui, wala hataona. Yule anatazama mbele. Hageuki hovyo kama wewe."

Walicheka, wote wawili, kidogo. Kisha Kapteni akaacha kucheka.

"Wewe tu ndiye unayeijua kona yangu. Ukipiga kule Jumamosi, nitajua umeshahama. Ukimwambia yeye apige, nitajua umehama zamani."

"Kaka, huo ni mtego."

"Nakuambia tu."

"Na nisipopiga, utawapokea wageni wangu?"

Mama aliingia akilalamika kwamba hakuna kilichoungua, na swali likabaki palepale kwenye stuli pamoja na mguu.

*

Jumamosi mchana jozi nyingine zote zilikuwa zimeshatolewa, ikabaki mechi moja ya kuamua. Ukumbi ulinuka mpira wa viatu na dawa ya sakafu. Wanachama walijipanga kwenye mabenchi pembeni, midomo tayari kufundisha.

Lifti na Eksirei walikuwa wamesalimiana tu. Lifti alivaa fulana ya kijani aliyonunuliwa na Eksirei, naye Eksirei hakujua kama hiyo ni ishara ya kitu au ni kwamba nyingine haikukauka.

"Tukishambulia, wewe mbele mimi nyuma," Lifti alisema akijaribu nyuzi za raketi kwa kiganja. "Wakitushushia vya nguvu, tunasimama ubavu kwa ubavu. Cha katikati nitaita mimi."

"Sawa."

"Usinyanyue ovyo. Ukinyanyua unawapa nafasi ya kutushushia."

"Sawa."

"Kaka yako ana udhaifu wapi?"

Alikuwa akilingoja swali hilo tangu asubuhi, na bado lilimkuta hana pumzi.

"Mwilini. Kikimjia kwenye nyonga ya kulia, mkono unakosa nafasi ya kukunja."

Haukuwa uongo. Ila udhaifu huo karibu kila mchezaji anao, hata Lifti anao. Lifti alimtazama mara moja, akaitikia kwa kichwa.

Mechi ilianza, na kwa muda ikawa mechi kama nyingine. Mwalimu wa Chekechea alikuwa mwanamke mnene mwepesi mwenye sauti ya kuita watoto mia kutoka uwanjani, na aliita kila kinyoya kama vile kimetoroka darasa. Kapteni alicheza kwa akili. Alituma vinyoya vyake chini na katikati, akiwalazimisha wao wanyanyue, ili yeye asitembezwe. Ungemtazama ungesema huyu mzima. Eksirei, ambaye aliijua kila hatua yake, aliona anavyoufanya mguu wa kulia ubebe kazi ya miguu miwili.

Kisha nafasi ikaja. Kapteni alivutwa mbele kulia kuokota kifupi, kinyoya kikamrudia Eksirei wavuni, na nyuma kushoto kukawa kweupe. Kukisukuma tu kule kulitosha. Alikiteremsha katikati. Mwalimu akakirudisha, pointi ikapotea.

Ikaja tena. Akapiga kulia. Na ya tatu, mabenchi yakashindwa kuvumilia.

"Eksirei, kule nyuma! Nyuma kushoto! Hivi huoni?"

Kinyoya kilikuwa kimenyofoka nyoya, ikabidi kingine kiletwe. Lifti alimsogelea, akainama kama anayefunga kamba ya kiatu.

"Mbona hupigi kule? Pako wazi kama mlango wa duka."

"Sitaki."

"Hutaki?"

"Sitaki, na wewe tafadhali usipige kule. Na usiniulize kwa nini."

Lifti aliinua uso. Wakatazamana. Eksirei aliyasoma yote machoni mwake, lile benchi la korido, yule mjomba aliyeambiwa asubiri, shavu ambalo lilikuwa bado na alama ya zambarau. Hili ndilo hasa alilokuwa amemlalamikia: kufichwa. Alisubiri aseme basi, tumefika mwisho. Alijiandaa kulisikia neno hilo akiwa amesimama, asije akaanguka mbele ya watu.

Lifti alifuta kiganja kwenye bukta.

"Sawa," akasema. "Tuseme kona ile iko kwenye matengenezo."

Akarudi nyuma mahali pake.

Eksirei alibaki akiuangalia wavu bila kuuona. Mwanamume huyu alipenda kushinda. Wakati mwingine alinuna siku mbili kwa pointi moja ya kizembe. Na sasa alikuwa ametoa robo ya uwanja wa adui bila kuambiwa ni ya nini, kwa sababu ameombwa. Hakuwahi kupewa kitu kikubwa kama hicho na mtu aliyekuwa amemkasirikia. Akawaza, kwa namna ya kawaida kabisa, kwamba mtu huyu asipomuoa, yeye ataumia kwa muda mrefu sana.

Kapteni alianzisha. Eksirei akagusa, Mwalimu akanyanyua, na kinyoya kikapita juu ya kichwa cha Eksirei kwenda mbali, nyuma kabisa.

"Yangu!" Lifti aliita.

Shingo ilianza safari yake ya kila siku. Ikafika nusu. Hapo Eksirei akaisimamisha, kama unavyoushika mkono wa mtoto anayetaka kugusa jiko. Raketi juu. Macho mbele. Alisikia viatu vikilia sakafuni, akasikia pumzi, akasikia nyuzi zikigonga, na kinyoya kikapita pembeni ya bega lake kikienda chini kwa kasi. Kapteni akakizuia kwa shida. Kikarudi kilegevu juu ya wavu, mbele ya uso wa Eksirei, pale ambapo kwa miaka mingi hakuwahi kuwepo kwa sababu alikuwa akitazama kwingine. Alikigusa tu. Kikaanguka.

"Ehe!" Lifti alisema kutoka nyuma. Neno moja hilo. Lilimtosha kwa pointi kadhaa zilizofuata.

Hakugeuka tena. Kila kilichompita aliachia kiende, akasikiliza, akangoja majibu. Waligundua kwamba hata kwa robo tatu za uwanja mtu anaweza kucheza vizuri, ila inabidi afikiri sana. Lifti alisukuma kulia pale ambapo hata mwanachama wa jana angesukuma kushoto. Mabenchi yalikuwa yamekata tamaa nao. Pointi zikafukuzana mpaka wakafika sare, ishirini kwa ishirini, na kinyoya mkononi mwa Kapteni.

Kapteni hakuanzisha.

Mtu ambaye amekaa kiti cha pili miaka yote hiyo anajua dereva anapokwepa shimo kwa makusudi. Alisimama akikigeuzageuza kinyoya kwa vidole, akamtazama Lifti juu ya kichwa cha dada yake.

"Amekuambia," akasema.

"Ameniambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Mbona hupigi kule nyuma?"

"Alisema hataki."

"Kwa sababu gani?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Aliniomba nisiulize, Kapteni. Nikaacha."

Hata waliokuwa hawaelewi walielewa kwamba kuna kitu.

"Jamani," alisema Mwalimu wa Chekechea, "tunacheza au tunapatanishwa?"

Kapteni hakumsikia. Sasa alikuwa akimtazama dada yake, ambaye alikuwa karibu naye kuliko wote, wavu tu kati yao.

"Leo hukugeuka," alimwambia, kwa sauti ya chini.

"Mwanzoni niligeuka."

"Mwanzoni. Baadaye hapana. Unajua, tulivyokuwa tunacheza, nilikuwa nauona uso wako kila mara. Kila dakika unageuka, umejaa wasiwasi. Nilidhani ndivyo uso wako ulivyo ukicheza. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona ukicheza kweli."

Eksirei alitaka kusema kwamba hata wakati ule alifurahi, kwamba asingebadilisha hata siku moja. Kapteni alimwelewa hivyohivyo. Akampa kinyoya kupitia juu ya wavu, akamgeukia mwamuzi.

"Andika wao ndio washindi. Goti langu la kushoto limekwisha, ni zamani sasa. Siwezi kutua. Kila kinyoya mlichokuwa mkimcheka dada yangu kwa uroho, kilikuwa changu, nilishindwa kukifikia. Aliapa asiseme, na hakusema. Hata kwa huyu hakusema, mmesikia wenyewe. Na nahodha mtafute mwingine."

Mabenchi yalianza kuzungumza yote kwa pamoja. Wengine walitazama chini. Mwalimu wa Chekechea alishika kiuno.

"Kwangu kule mtoto akiumia goti analia hapohapo, tunalifunga, yanaisha," akasema. "Ninyi watu wazima mnayaweka miaka! Njoo ukae chini, Kapteni. Nimesema kaa."

Akakaa, palepale sakafuni, mguu ameunyoosha. Alionekana mtu aliyetua mzigo na bado hajui mikono aifanyie nini.

Eksirei alijua Lifti yuko nyuma yake, hatua chache, na kwamba sasa ameshaelewa kila kitu: shingo, kona, benchi la korido. Hakuthubutu kumtazama. Alikishika kinyoya kwa mikono miwili, akabaki ameuelekea wavu kama anayengoja kuanzishiwa.

"Wewe fundi," Kapteni aliita kutoka chini.

"Naam, kaka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na Kapteni aliacha lipite.

"Mwambie mjomba wako waje kesho. Saa nane, wasichelewe, mama yetu hapendi kungoja. Na ukubali mapema kwamba ukiitwa kazini utamfungulia mama mlango kwanza. Viti mtapanga wenyewe. Mimi goti linauma."

Watu walicheka, na wengine walipiga makofi bila kujua vizuri wanapiga ya nini. Eksirei hakucheka. Alisikia viatu vikisogea sakafuni, vikasimama nyuma yake kabisa, na sauti ile anayoijua ikasema karibu na sikio lake:

"Kinyoya kiko mkononi mwako. Sasa unaruhusiwa."

Akageuka.